Moteri Iliyokataa Kupata Moto

Nitaanza na firigisi, kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo, si kwenye gari.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Hiyo haina mjadala. Lakini baba yangu, tangu mimi nina meno ya maziwa, alikuwa akiichukua kwenye sahani, anaiuma kidogo kwa heshima ya mama aliyepika, halafu kipande kilichobaki anakiteremsha kwenye ugali wangu bila kunitazama. Dada zangu wameolewa wote hawajaionja. Mimi niliila miaka na miaka, na nilijua maana yake. Sasa siku moja anaingia mtu mzima mwenye ndevu na begi la zipu, anakaa mkekani, anaambiwa "karibu mwanangu", na firigisi inapita mbele ya pua yangu, nzima, haijaumwa, inatua kwake. Naye anasema, "Ahsante sana, Mzee, nimeshukuru." Anatafuna. Mungu anisamehe, nilimwombea imkwame.

Alikuwa kaka yangu wa baba mmoja. Kabla ya kumwoa mama yangu, Baba aliishi Kigoma, akijifunza ufundi wa magari. Akaoa huko, kisha akarudi Gisenyi peke yake, akamwacha mke na mtoto wa kiume kwa wajomba. Mwishoni mwa miaka ya tisini, bunduki za upande wetu zilipoanza kunyamaza na watu wakarudi kulala majumbani mwao, Baba alituma maneno kwa madereva wa malori, na maneno yakafika. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo mtupu! Huyu hakuwepo maisha yangu yote, na lake lilikuwepo, tena limefunikwa vizuri likimngoja. Wanasema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Muulizeni mama kama nilipona.

Garaji yetu ilikuwa nyuma ya soko, uwanja wenye ukuta wa mawe meusi ya volkano upande mmoja na mabati upande wa pili. Mama alizaa wasichana watupu, mimi wa mwisho. Nilianza kwa kumshikia Baba taa, nikaishia chini ya magari, suruali ya kazi ndani, kitenge juu, kitambaa kichwani. Wanawake wa mtaa walisema nitakosa mume. Walisema kweli, ila haikuwa kwa sababu ya grisi, ilikuwa kwa sababu ya mdomo wangu. Madalali wa soko walinikwepa. Makonda wa mabasi ya Ruhengeri waliniita mama mukwe. Baba mwenyewe aliniita "mama", kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na alipoita "Mama, leta funguo kumi na tatu," spana ilikuwa mkononi mwake kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa nikijua anachotaka kwa namna alivyokohoa.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kuifunga skrubu ndogo ilimchukua asubuhi nzima, na hakutaka msaada. Mwezi wa Shaabani akatukalisha, mimi na yule mwenye ndevu, akasema:

"Mukono yangu imechoka. Mwezi ya kufunga haitanikuta na spana, nitakaa mu musikiti kama wazee wengine. Mumoja wenu atakamata garaji. Haiwezi kuwa na vichwa mbili."

Mmoja wenu! Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya betri. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na "mmoja wenu". Palikuwa na mimi. Kila mtu alijua, tangu barabara ya soko mpaka kule barierani kwenye kizuizi cha mpaka, kwamba mzee akipumzika garaji ni ya binti yake, watu watacheka kidogo halafu watazoea. Nilimtazama kaka. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Uamuzi ni wako, Mzee." Ndivyo alivyokuwa. Angekuwa mtu mbaya ningepona. Ningemchukia nikalala.

Na Kiswahili chake, yewe! Sisi tulikuwa na cha kwetu, cha huku na huku ya mpaka, kina Kifaransa ndani na Kinyarwanda ndani, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa ajili yake. Mimi nikimwambia mteja, "Gari iko na shida gani?" ananijibu tu. Yeye akisema, "Naomba unieleze, ndugu yangu, gari lako lina tatizo gani?" mteja anavua kofia. Walikuja watu ambao magari yao hayakuwa na ubovu wowote, wakasimama getini kumsikiliza akiomba nyundo. "Sikia huyu," wakasema, "anaongea kama redio!" Mimi nikawa napiga chuma mahali pasipohitaji kupigwa, ili asisikike.

Basi, ndipo ikaja ile gari nyekundu.

Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Goma, mwenye depo ya vinywaji, kijana mnene mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Gari ilikuwa ya chini, milango miwili tu, tundu kubwa la hewa juu ya boneti, turbo ndani. Kabla ya kufika kwake iliwahi kushindana mbio za milimani huko Uganda, na yeye aliinunua ili siku za Jumapili ashindane na rafiki zake kwenye barabara ya kando ya ziwa. Ilipokuwa nzima ulikuwa ukiisikia kabla ya kuiona. Siku hiyo iliingia uwanjani ikikohoa.

"Mzee," akasema akiteremka, "gari yangu imekuwa mulevi. Inakunywa esansi kama mutu wa matanga. Nikikanyaga, moshi mweusi. Turbo iko, nguvu haiko. Na ona huu mushale wa moto hapa mbele ya usukani, unalala chini siku yote. Gari ya mbio, baridi kama samaki! Jumapili ingine nakimbia na watu wa Bukavu. Nikishindwa, Goma sirudi."

Baba akamwambia aiache. Akatugeukia sisi wawili, akapangusa mikono, akasema, "Bon. Muitazame." Hata mama, aliyekuwa ameleta chai, alisimama na birika mkononi. Kila mtu aliyekuwa pale alielewa kwamba gari ile ndiyo itakayoamua.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwenye moteri, yaani injini, kuna kidude cha shaba, upana wake kama mfuniko wa chupa ya chai, kinachokaa pale maji yanapotoka kwenda kupozwa kwenye radiateri. Moteri ikiwa baridi kinafunga, maji yanabaki ndani mpaka yapate moto. Yakipata moto kinafungua. Kaka alikiita themostati, sisi tulikiita kalosta, neno lililoachwa na Wabelgiji. Na kwa mafundi wote wa Gisenyi na Goma wa wakati ule, kalosta ilikuwa adui. Ikizeeka inaganda imefunga, gari inachemka mpandoni, na wewe uko katikati ya Kanama na abiria, miaka ambayo, kwa sababu ya bunduki, katikati ya Kanama haikuwa mahali pa kusimama. Kwa hiyo gari yoyote ikiingia garaji, hata kama imekuja kubadilishwa taa, jambo la kwanza ni kutoa kalosta. Baba alisema ni dude la nchi za theluji. Alizitupa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza, na kopo lilikuwa limejaa.

Kwa malori na pikapu za mazutu, yaani dizeli, haikudhuru kitu. Lakini gari ile nyekundu ilikuwa na kompyuta. Kompyuta ikiona maji ni baridi inadhani ndiyo kwanza moteri imeamka, inaendelea kumwaga esansi na kuizuia turbo isipulize. Kwake ilikuwa asubuhi kutwa nzima.

Na kalosta ya gari ile aliitoa Baba mwenyewe. Gari ilikuwa imepata moto kidogo kwenye foleni ya barierani, yule bwana akaogopa, akaileta, na Baba akafanya alichofanya miaka yote. Nilikuwepo. Nilishika boliti zake mbili kiganjani, na kalosta nikaidondosha mimi koponi. Kaka hakuwepo, alikuwa ametumwa Kigali kununua vipuri.

Kwa hiyo walipowasha moteri na wote wakakodolea macho mshale, mimi niliweka mkono kwenye mpira wa juu wa radiateri. Kalosta ikiwepo, mpira ule unakaa baridi kabisa mwanzoni, halafu ghafla unakuwa wa moto. Huu ulianza uvuguvugu papo hapo, polepole, kama maji ya kunawia mikono. Basi, nikajua. Nikafuta mkono kwenye kitenge, nikanyamaza.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema. Kama hukulelewa kwetu, usiniulize. Baba hakosolewi mbele ya mteja. Fundi mzee hana kitu kingine, ana jina tu, na jina lile lilitulisha. Mama alitufundisha kwamba kosa la baba ni kama uchi wake, ukiliona unageuza uso na kumfunika. Nilipanga kumwambia pembeni. Tungeirudisha kalosta kimya kimya, tukamwambia yule mnene ni waya ulikuwa umelegea, akalipa, akaenda zake, na Baba akajua ni nani aliyemstiri na ni nani asiyejua kitu. Nilikuwa nimeshaona hata jinsi atakavyoniita: "Mama yangu."

Na sababu ya pili siifichi. Kaka alikuwa anahangaika, na nilikuwa naona utamu. Alitoa buji zote, zile plagi za kuwashia moto, nyeusi tititi kama sufuria za harusi, akazisafisha, akazirudisha. Wapi! Zikawa nyeusi tena. Akapima pampu. Akasema pengine kile kidude kinachoiambia kompyuta joto la maji ndicho kinachodanganya, akaagiza kingine kutoka Goma, akakifunga. Mshale ukalala vilevile. Jasho likamtoka hadi kwenye zile ndevu. Nilimpelekea maji ya kunywa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikamwuliza, "Kaka, umepata?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka.

"Bado, dada," akasema. "Gari hili limenishinda akili. Wewe unaonaje?"

"Mi naona kama wewe," nikasema, nikaondoka nikiwa nimejaa furaha.

Siku iliyofuata Baba akasema twende tuijaribu mpandoni. Aliendesha mwenyewe, mikono yake ikitetemeka kwenye usukani. Na mbele, kando yake, alikaa nani? Mimi nilijikunja nyuma, mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mkoba, magoti mdomoni. Tukapita Rugerero, wanawake wakitoka shambani wakatupisha, tukaanza kupanda. Kwenye mpando mshale ukajivuta kidogo, ukafika robo. Kule juu kulikuwa na baridi ya ukungu. Kaka akafungua hewa ya moto ya ndani, ikatoka baridi ya kukata masikio. Tukageuza pale soko la Mahoko, katikati ya magunia ya viazi, tukaanza kushuka. Na mshale, pole pole, kama mtu anayesinzia, ukaanguka mpaka chini kabisa.

Baba akaendelea kuendesha mpaka tukakaribia mjini. Halafu akauliza, macho yake barabarani:

"Munaona je?"

Kaka akasema, "Sijui bado, Mzee. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

"Na we, Mama?"

Mpira ule ulikuwa bado kwenye kiganja changu, nasema kweli, ule uvuguvugu. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini yule alikuwa amekaa pale mbele, masikio yake yamesimama. Nikisema, atajua kwamba Baba ndiye aliyeharibu, na nitakuwa nimemvua nguo mzee wangu mbele ya mtu wa kuja.

"Kile unaona we, Baba, na mi nakiona," nikasema.

Nilijisifu kwa jibu lile. Nilijiambia, huyo ndiye mtoto aliyelelewa.

Jioni ile, baada ya swala ya alasiri, nilimimina chai yenye tangawizi kama anavyoipenda, nikaenda barazani kwa Baba ili nimwambie faraghani. Nikamkuta kaka amepiga magoti mbele yake, ameshika mkono wake wa kulia, anausugua na mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja. Baba amefumba macho. Mikono ile! Mikono niliyoijua kuliko yangu, niliyoikabidhi spana tangu utoto, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba inaweza kusuguliwa. Baba hakuwahi kuniomba. Na yule hakuombwa, alifanya tu. Wivu ule sina neno lake. Niliweka chai chini, ikamwagika nusu, nikarudi jikoni nikamgombeza mama kwa ajili ya chumvi.

"Umerogwa?" mama akaniuliza.

"Muulize bwana wako amemleta nani humu ndani," nikasema.

Mama akanipiga na mwiko begani, na nilistahili, lakini hasira haikutoka.

Kesho yake yule mnene akaja na rafiki zake watatu. Walikuwa wamevaa vizuri, wakasimama kuizunguka gari wakichekana. "Patron," mmoja akamwambia, "nunua baiskeli tu." Yule bwana akamwambia Baba kwamba kama imewashinda ataipeleka kwa mafundi wa Kigali. Wateja wengine wakaacha mazungumzo. Dereva mmoja wa basi akajisogeza kabisa asikose kitu.

Kaka alikuwa amewasha moteri. Nikaona mkono wake, taratibu, ukienda kwenye mpira wa juu. Akakaa nao hapo. Akaugusa wa chini. Akarudi wa juu. Nilitaka kumwita, kumwangushia kitu, kumwambia anaitwa nyumbani. Akazima moteri, akachukua spana, akalegeza boliti mbili, akainua mfuniko, maji yakamwagika miguuni. Akachungulia. Akaingiza kidole.

Halafu akasema, kwa sauti ileile ya redio, bila hata kuipunguza:

"Mzee, nani ametoa themostati humu?"

Dereva wa basi akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," Baba akasema.

"Basi hapo umekosea, Mzee. Gari hili si lori. Lina kompyuta, na bila kile kidude injini haipati moto, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa. Ndiyo maana linakunywa mafuta hivi."

Mimi ndiye niliyelipuka. "We!" nikampigia kelele mbele ya wote. "Unaongea na nani? Huyo ni baba yako! Huko kwenu munasemesha wazazi hivyo, mbele ya watu? Huna haya? Wamekufundisha maneno matamu, adabu wamesahau?" Na mengine sitayaandika. Kaka alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyepigwa na asijue kosa lake.

Na Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimekosea," akawaambia wale wateja, bila aibu yoyote. "Mi ndo niliitoa. Miaka yote naitoa. Mutoto amenikamata!" Wale vijana wa Goma wakacheka naye, mmoja akampiga kaka mgongoni, na yule mnene akavua miwani kwa mara ya kwanza. Jina la Baba, lile nililolilinda siku zile zote kwa meno na ulimi, halikupungua hata punje. Lilinenepa.

"Sasa tutapata wapi nyingine?" yule bwana akauliza. "Kampala?"

"Ile yake iko," Baba akasema, na akanigeukia. "Mama, angalia mu kopo."

Kopo lile lilikuwa na kalosta za magari ya mji mzima, zote za shaba, zote zimepauka. Nikainama chini ya meza, nikaingiza mkono, na mkono ukatoka na ile. Sikuchagua, sikugeuza hata moja. Niliijua kwa mkunjo wake na kwa mpira wake mwembamba wa pembeni. Niliponyanyuka Baba alikuwa ananitazama, na kicheko kilikuwa kimemwisha usoni.

Mama akaleta sufuria ya maji ya moto. Kaka akaitumbukiza kalosta ndani, wateja wote wakainama kuizunguka sufuria. Ikakaa, ikakaa, halafu ikajifungua taratibu katikati. "Nzima kabisa," kaka akasema. Akakata gasketi kwenye boksi la biskuti, akaifunga. Mimi nilijaza maji. Moteri ikawaka, mshale ukapanda, ukafika katikati, ukatulia hapo. Ule moshi mweusi ukakatika. Yule bwana akaingia, akatoka nayo getini, na kutoka garaji tukaisikia inavyopanda gia kuelekea ziwani, sauti moja safi ndefu, hadi watoto wa mtaa wakakimbia kuitazama.

Baba hakungoja mwezi uandame. Palepale, watu wote wapo, akatoa ufunguo wa geti mfukoni, akamwekea kaka kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mikono yake miwili inayotetemeka. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mama alinitazama nikipiga makofi, akageuza uso.

Jioni nikampelekea Baba chai. Kaka alikuwa uwanjani, akifunga geti, nasikia mnyororo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba nzima, kwamba mimi ni mwanamke ndiyo maana, kwamba damu ya mwanamume ndiyo mliyokuwa mkiitafuta siku zote, semeni tu. Sikupata nafasi ya kuanza.

"We ulijua," Baba akasema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Nimeona vile umeitoa mu kopo." Akapuliza chai yake. "Mi nilijua tukiteremuka Mahoko. Mushale ulipoanguka vile, nikajua ni mi nimeiharibu."

Birika likabaki hewani mkononi mwangu. "Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungojea we."

Sikuelewa. Akaniangalia, akaona sielewi.

"Mikono inatetemeka, Mama, na akili itafuata. Siku moja nitafunga breki ya basi vibaya, na basi itajaa watu. Nataka mutu wa kusema pale pale, mbele ya wote: mzee, hapa umekosea. Asinifunike. Nikauliza, ukasema unaona kile naona. Nikangoja tena. Mudomo yako unagombeza soko nzima, mi peke yangu ulininyima. Funguo nilitembea nayo siku zote hizi, nikisema leo atasema, leo atasema. Ilikuwa yako."

Nje mnyororo ulikuwa umenyamaza. Nikasikia kaka akimsalimia mtu barabarani, kwa yale maneno yake yaliyonyooka, na yule mtu akacheka kwa furaha. Nililitua birika.

"Hapo ulikosea, Baba," nikasema. "Umenifundisha kunyamaza tangu nazaliwa, we na mama, halafu ukanipima kwa kusema. Ye hukumufundisha kitu. Ulikosea sana."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwambia hivyo, na hapakuwa na mteja wa kusikia, wala hapakuwa na ufunguo tena.

"Voilà," akasema. "Sasa ndo unasema."

Halafu akasogeza kikombe chake, akaniomba sukari.